Siku Adelina Aliporudisha Sale

Ukitaka kumjua Adelina, mtazame akikaa. Hakai! Utamvutia kiti, atakishika mgongo, ataegemea kidogo, na kabla hujamaliza kuuliza habari za kazi yuko dirishani anaangalia ni basi gani linapita. Chai anakunywa wima. Rozari anasali huku anatembea, jikoni hadi mlangoni na kurudi, na makumi matano yakiisha amekwisha kufuta vumbi nyumba nzima. Ana miaka hamsini na mmoja, ishirini na miwili ameimaliza London, na binti yake Sesilia anaapa hajawahi kumwona mama yake akimaliza filamu hata moja.

Mahali pamoja tu anatulia, napo ni kazini. Anachukua damu za wagonjwa katika hospitali ya huko Lewisham, na akishashika mkono wa mtu, papara zote humwisha. Wazee ambao mishipa yao imezama humsubiri yeye, wakiambiwa kuna mwingine wanasema watarudi kesho. Hakuanzia hapo. Alifagia maofisi alfajiri, akaogesha wazee wa watu, akasoma huku Sesilia mchanga yuko mgongoni, mpaka akaaminiwa sindano. Baba yake Sesilia alikwenda Manchester kutafuta kazi, na hadi leo bado anaitafuta.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa tatu alirudi kutoka zamu ya asubuhi, akavua viatu, akaingia sebuleni, akakuta mmea. Uko ndani ya chungu cha plastiki, umewekwa dirishani, umeshamwagiwa maji. Majani marefu, ya kijani, na mstari wa njano katikati. Kibandiko cha duka bado kimeng'ang'ania ubavuni.

"Kuna auntie amekuletea ua," Sesilia alisema. Alisema kwa Kiingereza. Mama huuliza kwa Kiswahili, mtoto hujibu kwa Kiingereza, na nyumba yao inakwenda hivyo miaka kumi na saba bila ajali. Mimi nitamsemea kwa Kiswahili, maana kukielewa anakielewa vizuri sana, hasa akisengenywa.

"Auntie gani?"

"Hakutaja jina. Anafanana na watu wa kwenu. Amesema nikwambie ametoka kwa jirani. Ameacha na bahasha. Nimempokea kwa mikono miwili, ulivyonifundisha."

Adelina akausogelea mmea. Jani moja la katikati lilikuwa limefungwa fundo.

Akakaa. Akakaa chini kwenye zulia, na koti lake mwilini, na Sesilia hapo ndipo alipojua kwamba kuna jambo kubwa.

Kwa asiyejua nimweleze. Kwa Wachagga mmea ule ni masale. Hupandwa mipakani mwa vihamba, kutenga shamba la huyu na la yule. Na mtu akimkosea mwenzake kosa la kutenganisha koo, hufunga fundo kwenye jani la sale, akamtuma mtu mzima wa heshima alipeleke. Aliyekosewa akilipokea, yameisha. Amesamehe. Hakuna "nitafikiria" wala "rudi wiki ijayo". Na kulikataa ni mwiko. Waliowahi kulikataa wanasimuliwa hadi leo, na hawasimuliwi kwa uzuri. Kwa hiyo asiyetaka kusamehe dawa yake ni moja: asikutane nalo.

Adelina alikuwa anajua kwamba linakuja. Tangu Krismasi alikuwa amesikia kwamba Aikaeli, jirani yake wa utotoni anayeishi Hayes, karibu na uwanja wa ndege, anamtafuta. Akaacha kwenda misa ya Kiswahili. Akaacha kwenda kwenye vikao vya chama cha watu wa Kilimanjaro. Namba ngeni hapokei. Amekimbia miezi mitatu, na leo sale limemkuta nyumbani kwake, limepokelewa na mtoto, na limenyweshwa maji juu!

Akafungua bahasha. Ilikuwa barua ya wakili wa Moshi. Aliandika kwa adabu kwamba mteja wake, Samson, anayesubiri kunyongwa, anapeleka kwa Rais ombi la kupunguziwa adhabu. Kwamba neno la ndugu wa marehemu, japo sheria hailidai, linaweza kuwa na uzito. Na kwamba ndugu wa karibu aliyebaki ni Adelina.

Marehemu ni Protas, mdogo wake wa pekee. Samson ni kaka yake Aikaeli. Nyumba zao zilitenganishwa na mstari wa masale na mfereji wa maji, kule Kilema inakopakana na Marangu. Hawa Wakatoliki, wale Walutheri, na watoto wakila popote njaa ilipowakuta. Miaka kumi na minne iliyopita, mwezi wa kiangazi, Samson na Protas waligombania zamu ya maji, huko juu mfereji unakoanzia. Samson aliuziba mfereji, Protas akauzibua. Wakasukumana, wakaamuliwa na watu. Samson akaenda nyumbani kwao, mwendo wa dakika kumi, akarudi na panga. Protas alikuwa bado ameinama anatoa matope. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Watu kumi na mmoja waliona. Samson hakukana. Wakati ule, kwa kosa la kuua kwa kukusudia, jaji hakuwa na la kuchagua: utanyongwa hadi kufa. Lakini miaka ni mingi hakuna rais aliyetia saini mtu anyongwe. Basi Samson anangoja, na waliofiwa wanangoja.

"Nani alikutuma upokee?" Adelina alifoka.

"Mama, ni ua tu!"

"Si ua! Umemsamehe mwuaji wa mjomba wako, wewe na mikono yako miwili!"

Sesilia akaichukua barua akaisoma yote. Alikuwa hajui kwamba kuna mtu wa kunyongwa katika habari za nyumbani kwao. Aliambiwa tu kwamba mjomba aliuawa. "Wanataka kumnyonga? Mama! Hapa waliacha zamani. Walinyonga watu, halafu wakaja kugundua kwamba mwingine siye aliyeua."

"Huyu ndiye. Hakuna wa kugundua kitu."

"Sasa akifa, Mjomba Protas atarudi?"

"Na asipokufa, atarudi?"

Adelina alishasimama tena, anazunguka sebule, anashika hiki anaacha kile. Mwishowe akachukua mfuko mkubwa wa sokoni, akakitumbukiza chungu ndani, majani yakabaki yanachungulia nje. Barua akaitia kwenye mkoba.

"Unakwenda wapi?"

"Hayes."

"Hujala!"

"Sina njaa," alisema, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Kutoka Lewisham hadi Hayes ni kulivuka jiji lote. Alipanda treni ndogo isiyo na dereva hadi Canary Wharf, viti vimejaa tele, yeye kasimama. Pale, kabla hajashuka kwenda kwenye treni ya Elizabeth, akampigia simu baba yake mdogo kule Kilema, akamsimulia habari ya jani na barua. Alitaka aambiwe kwamba sale la dukani si sale, na mtoto si mtu mzima, na London si Kilema.

"Lina fundo?" mzee aliuliza.

"Lina fundo."

"Limepokelewa ndani ya nyumba?"

"Kwa mikono miwili, baba, lakini mtoto hajui..."

"Mtoto wa nyumba ni nyumba. Limepokelewa. Andika barua, mwanangu, tupumzike."

"Baba, limenunuliwa dukani! Lina kibandiko!"

"Kwani la huku nani alilipanda? Mungu. Na la huko ni la Mungu yule yule," mzee alisema, na salio la Adelina likaisha.

Adelina akaingia kwenye treni amefura. Kila mtu ana haraka ya kupumzika juu ya kaburi la Protas! Akasimama karibu na mlango, mfuko miguuni, anabadilisha mguu huu na huu. Treni ilipopinda, majani yakampiga usoni mzee mmoja aliyekaa hapo, Mhindi wa kilemba cha buluu mwenye ndevu nyeupe.

"Pole sana, mzee," ilimtoka kwa Kiswahili, maana kichwa kilikuwa bado Kilema.

"Si neno, mama," mzee akajibu kwa Kiswahili kile kile. "Huo mti ni wako ama unakuteka nyara? Kaa hapa, kuna nafasi."

Alikuwa anaitwa Ravinder, Kalasinga wa Nakuru, mwenyewe ndivyo alivyojitambulisha, mkaazi wa Southall miaka mingi, fundi wa magari aliyestaafu. Adelina hakukaa, lakini alizungumza. Unajua jinsi mtu unayemkuta njiani unavyomwambia usiyomwambia padri. Mpaka treni inapita Paddington, Ravinder alikuwa amesikia habari ya mfereji, panga, kamba na jani.

"Wacha nikuambie kitu," mzee alisema, na uchangamfu wote ukamtoka. "Usisaini. Mimi ndugu yangu mkubwa mtu mmoja aliua yeye pale Nakuru, dukani kwake, kwa kisu. Yule mtu akahukumiwa kunyongwa. Serikali ilinipa neno. Halafu wakageuza hukumu za watu wengi pamoja, ikawa kifungo cha maisha. Hakuna mtu alinipigia hata simu! Nilisoma kwa gazeti nikingoja daktari wa meno. Hawa wanaosema kunyonga ni unyama, waulize kama walishawahi kuosha maiti ya ndugu yao. Mimi nilimwosha. Nilihesabu vidonda. Mtu akifanya hivyo kwa makusudi, basi na yeye aende. Si hasira, mama. Ni haki. Mzani lazima ukae sawa."

Adelina alihisi kama ameburudishwa koo. Hatimaye mtu mwenye akili! Kila neno lilikuwa lake. Hayo hayo amejiambia miaka kumi na minne akipanga mirija ya damu. Ilitosha ashuke kituo kinachofuata, arudi nyumbani, barua aichane. Lakini mdomo wake, ambao nao haujui kukaa, ukauliza:

"Na wangemnyonga, mzee, ungelala?"

Treni ikapita Ealing.

"Unajua," Ravinder alisema, "mimi nimesema anyongwe, anyongwe, mpaka mke wangu alichoka kusikia. Na wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza hilo." Akazikuna ndevu. "Sijui. Nilitaka kusema ndiyo, lakini sijui. Labda ningetafuta mwingine wa kuchukia. Labda serikali." Akachukua mikoba yake, maana Southall ilikuwa imefika. "Lakini bado nasema ni haki. Usiniharibie hiyo, mama."

Akashuka, akageuka akapunga mkono, na Adelina akabaki na mfuko wake na kituo kimoja tu mbele.

Aikaeli alikuwa amepanga chumba katika nyumba yenye milango mingi, mtaa wa nyuma ya kituo. Anafanya kazi kwenye ghala la mizigo ya ndege, na alifungua mlango akiwa na sare yake ya kazi, amejiandaa kwenda zamu. Miaka kumi na minne hawakuwa wamesogeleana. Walishaonana mara mbili tatu kwa mbali, misibani, kila mmoja akatafuta mlango wa kutokea. Aikaeli amenenepa, Adelina amekonda. Waliangaliana. Kisha Aikaeli akaona majani.

"Umelirudisha," alisema, na akashika fremu ya mlango. "Ade! Hakuna anayerudisha sale!"

"Nani anayeleta sale mwenyewe? Anatumwa mtu mzima!"

"Nimtume nani? Kila niliyemwomba kwenye chama ana zamu. Mmoja aliniambia labda baada ya Pasaka." Machozi yalishaanza. "Nilitaka la nyumbani, mizigo ikakaguliwa, wakanikatalia mimea. Nikaliona dukani, wanaliita ua la ofisini. Nikalifunga fundo ndani ya basi. Sikujua kwamba mtoto atapokea, nilidhani atakuita. Ruwa wa mbinguni anaona, Ade, sikukuvizia."

Wakaingia. Kitanda, kiti, birika. Aikaeli akamkaribisha kiti, Adelina akabaki wima katikati ya chumba na mfuko mkononi.

"Unajua Samson anavyoishi kule gerezani?" Aikaeli alisema. "Wakisikia funguo saa isiyo ya funguo, wote wanafikiri leo ni leo. Kila mara. Miaka yote hiyo. Mwenzake wa chumba amerukwa na akili, hajui hata jina lake. Samson ameota mvi kichwa kizima. Sisemi atoke, Ade. Sisemi hakuua. Nasema wamwache afungwe kama mtu anayefungwa."

"Alikuwa na dakika kumi, Aika."

"Najua."

"Hujui! Nimeitembea ile njia nilipokwenda kuzika. Akienda kuchukua panga alipita kanisani kwenu. Akapita dukani. Halafu akirudi akapita uani kwetu, na panga, na mama yangu yuko nje anachambua maharage. Akamwamkia. 'Shikamoo, mama.' Na mama akamwitikia marahaba! Mama alidhani anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Mama alisema, laiti ningemsimamisha hata kwa neno moja, ningemwuliza habari za mama yake. Marahaba ile ilimkaa mama yangu kooni mpaka anaingia kaburini."

Aikaeli alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Akakaa kitandani, akajifunika uso kwa viganja, na kilio kilichomtoka hakikuwa cha kuomba kitu.

Adelina akakiweka chungu sakafuni, mbele yake.

"Hili sikulipokea," alisema. "Amelipokea mtoto, naye hajui. Kulipokea maana yake nimemsamehe, na mimi sijamsamehe. Naamka naye, nalala naye. Siwezi kudanganya mbele ya sale, hata kama ni la dukani. Baba mdogo atanisema, watu wa chama watanisema, waache waseme."

"Basi wamnyonge," Aikaeli alisema, kinyonge, bila kuinua uso.

"Nipe kalamu."

Aikaeli akainua uso.

"Nimesema nipe kalamu. Na karatasi. Usinitazame hivyo, nitaghairi."

Aliandikia ukutani, amesimama, kwa mwandiko ule ule mdogo anaoandikia majina ya wagonjwa. Hakuandika mengi. *Mimi Adelina, dada wa marehemu Protas, sijamsamehe Samson, na barua hii isisomwe kwamba nimemsamehe. Naomba asinyongwe. Abaki gerezani.* Akatia saini, akaandika tarehe, akampa.

Aikaeli alisoma mara mbili. Hakuthubutu kushukuru. "Wakili atauliza," alisema. "Watu wote watauliza. Kama hujamsamehe, kwa nini?"

Adelina alishafika mlangoni. Mkono ulikuwa kwenye kitasa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo haukutaka kwenda popote.

"Mama alingoja miaka tisa," alisema. "Kila Jumapili nikipiga simu, hasalimii, anauliza, wameshamnyonga? Bado, mama. Jumapili nyingine, wameshamnyonga? Bado. Akawa hali vizuri. Hakutaka kufa kabla hajasikia. Ile hukumu ilimkalisha sebuleni mama yangu, Aika, miaka tisa anasubiri habari. Mwishowe akalala kitandani, akawa hawezi tena kugeuka. Baba mdogo akamwekea simu sikioni. Akaniuliza vile vile. Na mimi nilikuwa kazini, kwenye korido, nikaona huyu ni mama yangu anakwenda, ngoja nimpe anachokitaka. Nikamwambia, ndiyo, mama. Wamemnyonga. Asubuhi hii."

Aikaeli akaziba mdomo kwa mkono.

"Sijawahi kumwambia mtu. Nikasubiri ashukuru Mungu. Nikasubiri hata apumue. Nikafikiri simu imekatika. Halafu nikamsikia anahangaika kitandani, anawaambia waliokuwapo wamwinue. Wanamwuliza, unataka nini, mama, unakwenda wapi wewe na hali hiyo? Akasema, nipeni kitenge changu niende kwa jirani. Mtoto wake amekufa, na hakuna mtu wa kukaa naye."